Njoo na begi tu: miezi kumi na nne kwenye nyumba yenye fenicha Salasala

"Njoo na begi tu, bosi, ndani kuna kila kitu." Hiyo ndiyo kauli ya dalali wa Dar es Salaam anaponadi nyumba yenye fenicha, na kwa mtu aliyehamishiwa kazi mjini akiwa na mabegi mawili na siku tisa za kutafuta pa kulala, hakuna maneno matamu kuliko hayo. Niliyaamini. Nilipanga Salasala, wilaya ya Kinondoni, upande wa kushoto wa Barabara ya Bagamoyo ukitoka mjini: chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko, bafu la ndani, shilingi 650,000 kwa mwezi. Nilikaa miezi kumi na nne. Makosa niliyofanya karibu yote yalitokana na jambo moja: nilikagua chumba nikadhani ndicho ninachokipanga, kumbe nilichokuwa nalipia zaidi ni vitu vilivyomo, na hivyo sikuvikagua.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye uzio uleule kulikuwa na nyumba ya ukubwa uleule, tupu, kwa 400,000. Tofauti ni 250,000 kwa mwezi, milioni 3 kwa mwaka. Ukienda madukani kununua kitanda cha tano kwa sita na godoro, friji ya wastani, jiko la gesi, seti ya makochi, TV, meza, mapazia na kiyoyozi kimoja, unaweza kumaliza milioni 3.5 hadi 4.5 bila anasa yoyote. Kwa hiyo mtu wa miezi sita au kumi anafaidi fenicha za mwenye nyumba. Anayevuka mwaka mmoja na nusu ameshazinunua zile fenicha zote kwa hela yake, na anaziacha pale pale. Jiulize kwanza utakaa muda gani, tena ujijibu kwa ukweli. Mimi nilisema "miezi sita tu, nijipange", kama wanavyosema wote.

Pesa ya siku ya kwanza ndiyo inayoshtua. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, amana ya mwezi mmoja, na dalali alitaka mwezi wake mmoja. Ni mara nane ya kodi: 5,200,000. Nyumba zenye fenicha huwa na nafasi ya kujadiliana kwenye muda wa malipo kuliko nyumba tupu, kwa sababu kila mwezi inapokaa bila mtu vitu vinapata vumbi na ukungu na hela haiingii. Niliposema nitalipa miezi mitatu mitatu kwa benki bila kuchelewa, alikubali siku ileile. Ikawa mara tano, 3,250,000. Laiti ningejua kwamba na udalali unajadiliwa. Wapo madalali wanaokubali nusu mwezi kwa mkataba wa miezi mitatu. Sikuuliza, na yeye hakuwa na sababu ya kuniambia.

Kabla ya hapo nilizunguka nyumba sita, kila moja shilingi 10,000 ya kuonyeshwa, na hiyo hairudi hata ukikuta nyumba ilishapangishwa wiki iliyopita. Nyumba moja niliyotumiwa picha na madalali watatu ilikuwa na bei tatu: 600,000, 650,000 na 750,000. Maana yake ni kwamba kuna dalali wa dalali, na kila mmoja anaongeza chake. Shuka kituoni, waulize vijana wa bodaboda au mwenye duka la karibu na ile nyumba nani anashika funguo. Huyo ndiye wa kuongea naye, na udalali unalipwa mara moja, kwa mtu mmoja, baada ya mkataba kusainiwa.

Upo utapeli ambao nyumba yenye fenicha inaualika kuliko nyumba nyingine yoyote. Mtu anakodi apatimenti kwa siku tatu au nne, anapewa funguo kihalali, kisha anaitangaza kama yake. Unafika, unakuta geti linafunguliwa, mlinzi anamsalimia kwa heshima, taa zinawaka, friji inanguruma. Unalipa. Mnakutana watu wanne mlangoni Jumatatu na mabegi yenu. Dalili zake: bei iko chini kuliko za jirani kwa robo nzima, anakuharakisha kwamba kuna mtu mwingine anakuja saa kumi, anataka hela kwenye namba ya simu yenye jina tofauti na alilokutajia, na hataki mkutane tena kesho yake. Dawa ni kuomba bili ya maji ya DAWASA ya nyumba ile, ambayo ina jina la mteja, na kulilinganisha na kitambulisho cha NIDA cha anayejiita mwenye nyumba. Halafu pita ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize nyumba ile ni ya nani. Ni nusu saa tu, na utahitaji kwenda pale hata hivyo ukijiandikisha kama mkazi, kwa sababu barua ya utambulisho ya benki inatoka hapohapo. Kodi ilipwe kwenye akaunti ya benki yenye jina lililo kwenye mkataba. Dalali asishike kodi, hata akiwa mlokole.

Sasa ukaguzi wa vitu. Tenga saa mbili, nenda mchana, na nenda siku ambayo umeme upo. Mwenye nyumba akisema mita haina uniti, nunua za elfu tano mwenyewe. Hiyo elfu tano itakupa majibu mawili kwa mpigo. La kwanza, uniti zikija 14 hivi, mita iko kwenye kundi la kawaida la T1, ambako uniti ni shilingi 292 na ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama 356. Zikija 41, mita iko D1, kundi la matumizi madogo lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, ambako uniti zote 75 zinagharimu shilingi 9,150. Usishangilie: nyumba yenye kiyoyozi haikai D1, itapandishwa tu. La pili, zikija pungufu kabisa, kuna deni. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu bajeti ya 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Nyumba ikikaa miezi mitano bila mtu kununua umeme, mpangaji mpya ndiye anayekatwa limbikizo lote siku ya kwanza. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba. Tunza meseji za LUKU na mwandikiane kwamba itatolewa kwenye kodi ya pango. Kwa mdomo atasahau.

Uliza pia kama mita ni yako peke yako. Kwenye nyumba za kupangisha za pembeni mwa mji mara nyingi mita ya TANESCO ni moja na kila mpangaji ana sabumita, na mwenye nyumba anakuuzia uniti kwa bei yake. Kama ndivyo, bei ya uniti iandikwe kwenye mkataba. Na hata mita ikiwa yako, fanya jaribio hili ambalo mimi nilifanya mwezi wa tatu badala ya siku ya kwanza: zima kila kitu ndani, chomoa friji, kisha kaangalie kitaa chekundu cha mita. Kikiendelea kupepesa, kuna kitu cha nje kinakula umeme wako. Kwangu ilikuwa pampu ya maji ya wapangaji wanne pamoja na taa za geti. Pampu ndogo ya nguvu-farasi moja inakula kama robo tatu ya uniti kwa saa; ukipandisha maji saa mbili kila siku ni uniti 45 kwa mwezi, shilingi elfu 16 zinazokwenda kuwaogesha majirani.

Kwa upande wa maji, eneo lile linategemea mtambo wa Ruvu Chini, na mgao ukija haumwangalii mtu usoni. Usiulize kama maji yapo. Uliza tangi ni lita ngapi na mnatumia wangapi. Tangi la lita 5,000 kwa watu kumi, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, linakwisha baada ya siku sita hivi. Mgao ukiwa wa wiki mtaagiza boza, na hapo inabidi mjue mapema mnachangiaje, kwa kichwa au kwa nyumba. Kama kuna kisima, onja. Maji mengi ya visima ya ukanda ule yana chumvi, na chumvi hiyo ndiyo inayoua hita, inayotoboa mabomba ya chuma na kuacha weupe kwenye mashine ya kufulia, kisha uharibifu unaandikwa kwa jina lako.

Kitanda kiangalie kama askari. Nyumba yenye fenicha imelaliwa na watu usiowajua, na kunguni hawasomi mkataba. Inua godoro, fuata mshono wake wote kwa tochi ya simu, tazama kwenye pembe za chaga, nyuma ya ubao wa kichwani, chini ya makochi pale kitambaa kilipogongomewa misumari. Unatafuta vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, maganda ya rangi ya kahawia, na mayai meupe madogo kuliko punje ya mchele. Ukiona kimojawapo, usihamie kabla dawa haijapulizwa mara mbili, siku kumi hadi kumi na nne zikiwa katikati, kwa sababu dawa nyingi hazipenyi mayai na yanaanguliwa ndani ya wiki moja na kidogo. Anayepuliza mara moja amewapa likizo tu. Mashuka na mapazia yafuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi. Nililala kwenye kochi wiki mbili kwa aibu ya kutomwambia mtu, na hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu kadiri unavyochelewa kutoa taarifa ndivyo mwenye nyumba anavyosema umekuja nao.

Vitu vya umeme vijaribu vyote kwa kuviendesha. Kuwaka peke yake hakutoshi. Kiyoyozi kiwashe kwenye nyuzi 18 kwa dakika kumi na tano: kama upepo hauumi vidole kwa baridi, gesi imepungua au koili zimejaa vumbi. Kama kinadondosha maji ndani, bomba la kutolea maji limeziba, na ukuta utaoza. Friji ibane karatasi mlangoni, uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na friji haitazima kamwe. Mashine ya kufulia izungushe mzunguko mmoja mzima, maana tangi likiwa chini sana shinikizo la maji halitoshi na mashine inasimama katikati na nguo zako ndani. Jiko la gesi washa kila pleti, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Mpira uliopasuka-pasuka unabadilishwa siku hiyohiyo, hili halina mjadala. King'amuzi uliza kimesajiliwa kwa jina la nani na kinadaiwa nini. Na kama mita iko nje juu ya nguzo, hakikisha kile kibodi kidogo cha kuingizia tokeni kipo ndani na kinafanya kazi, maana bila hicho utakaa gizani na tokeni yenye tarakimu 20 mkononi.

Baada ya hapo ndipo inaandikwa orodha, na hapa sitaki kupita haraka. Orodha niliyosaini mimi ilisema: "makochi seti 1, friji 1, jiko 1, kiyoyozi 1, TV 1." Mistari kumi na miwili kwenye karatasi ya daftari. Ilinigharimu zaidi ya kitu kingine chochote katika miezi ile kumi na nne. Orodha inayofaa ina safu nne kwa kila kitu: aina na ukubwa pamoja na namba iliyobandikwa nyuma, hali yake kwa maneno ya wazi ("kochi la watu watatu, mchaniko wa sentimita nne mkono wa kulia"), idadi mpaka ya vijiko na vikombe, na thamani yake leo. Safu hiyo ya nne ndiyo inayokwepwa na wenye nyumba wengi, kwa sababu isipokuwepo, siku ya kuondoka maikrowevu ya miaka mitano inalipwa kwa bei ya mpya. Wote wawili msaini kila ukurasa, na iwe kiambatisho cha mkataba. Kisha piga video moja ndefu isiyokatwa, ukianzia getini, ukifungua kila droo, ukisema tarehe kwa sauti, na umtumie mwenye nyumba kwa simu palepale. Video iliyobaki kwenye simu yako peke yake ina nguvu nusu; iliyomfikia naye akanyamaza ni ushahidi.

Mkataba wenyewe utakuwa wa kurasa mbili za kuchapwa steshenari, umejaa wajibu wa mpangaji. Ongeza kwa kalamu yanayokosekana. Nani anatengeneza kitu kikiharibika bila kosa la mtu, na ndani ya siku ngapi. Tuliandika siku saba, na baada ya hapo mpangaji anaita fundi na kukata kwenye kodi kwa risiti. Nani analipa huduma ya kiyoyozi, ambayo kwa vumbi la Salasala inatakiwa kila miezi mitatu au minne. Mimi nilikuwa nalipa 35,000 kila mara. Maneno "uchakavu wa kawaida haukatwi kwenye amana" yawemo hivyohivyo. Amana irudi ndani ya siku 14. Notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote mbili. Kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango inabebwa na nani, na ushuru wa stempu nani. Kama mkataba umesainiwa mbele ya wakili au serikali ya mtaa, ni vizuri zaidi. Mgogoro ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba, karatasi yenye muhuri inasikilizwa kwanza.

Kitasa cha mlango wa mbele kibadilishe wiki ya kwanza. Funguo za nyumba kama hizi zimepita mikononi mwa wapangaji, wafanya usafi na madalali. Niliongea na mama mwenye nyumba kwa adabu, "Shikamoo mama, naomba nibadilishe kitasa, cha zamani nitakitunza na nitakirudisha nikiondoka," akacheka akasema, "Badilisha tu mwanangu, hata mimi sijui nani anazo." Ilikuwa shilingi 45,000, na usingizi ulirudi.

Gharama za maisha ya kule zina mambo mawili ambayo bei ya pango haiyaonyeshi. La kwanza ni kiyoyozi. Cha BTU 12,000 cha kawaida, ukikiwasha saa nane za usiku, kinakula uniti tano hadi sita, karibu shilingi 2,000 kwa usiku mmoja, elfu 60 kwa mwezi. Feni ya dari inakula kama nusu uniti kwa muda huohuo. Weka kiyoyozi nyuzi 25 au 26 kwa saa mbili za mwanzo, kisha feni imalizie, na utaona tofauti kwenye LUKU ya wiki ileile. Hita ya tangi usiiache ikiwaka mchana kutwa. Washa nusu saa kabla ya kuoga.

La pili ni njia. Nyumba ilikuwa kama kilomita mbili kutoka lami, na dalali alinipeleka Januari, njia ikiwa kavu na nyeupe. Salasala ni vilima. Masika ikiingia Machi mpaka Mei, maji yanachimba makorongo katikati ya njia, bajaji zinagoma kupanda, na bodaboda aliyekuwa anachukua 1,500 anakutazama viatu kwanza ndipo anataja 3,000. Kwa bei ya kiangazi, kwenda na kurudi siku 26 za kazi ni 78,000 kwa mwezi kabla hujapanda daladala. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo, ambayo wakati wangu ilichangiwa na ujenzi wa njia ya mwendokasi, ni habari nyingine; ondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi au kubali yaishe. Kagua nyumba siku ya mvua ukiweza. Usipoweza, tazama kuta za nje za majirani: mstari wa udongo mwekundu unakuonyesha maji yalifika wapi mwaka jana.

Kuondoka kuna utaratibu wake. Toa notisi kwa maandishi, na wiki mbili kabla ya siku yenyewe mwite mwenye nyumba mpite pamoja na orodha, ili yale madogo uyatengeneze mwenyewe kwa bei ya fundi wako. Kushona kochi kwa fundi wa mtaani ni elfu 20 au 30. Akilitengeneza yeye, ni kochi jipya. Mimi niliruka hatua hiyo, nikakabidhi funguo Jumamosi na kusubiri amana yangu ya 650,000. Alikata 180,000 za kochi na 95,000 za kioo cha jiko. Alitaka pia kukata ufa wa droo ya friji, ila huo ulikuwemo kwenye video ya siku ya kwanza, dakika ya nne, na alipoonyeshwa akauacha. Mchaniko wa kochi nao ulikuwepo nilipohamia. Video ilipita juu yake kwa haraka, picha ikatoka ukungu, na orodha yangu ilisema "makochi seti 1".

Zilizobaki, 375,000, zilirudi kwa mafungu mawili, la mwisho wiki ya sita.